Reli Mbili Zakutana Bondeni

Reli ya kale ilifika Nakuru mwaka 1900. Reli mpya itokayo Nairobi ilifunguliwa mwaka 2019, ikakoma bondeni karibu na Suswa. Kwa hiyo ilijengwa njia fupi, yapata kilomita 24, ili reli hizo mbili zikutane upande wa Longonot.

Lakini kukutana si kuungana. Reli mpya ina upana wa milimita 1,435, ya kale 1,000 tu, wala behewa la moja haliwezi kwenda juu ya nyingine. Basi kontena liendalo Nakuru na Malaba sharti linyanyuliwe kwa winchi na kupakiwa upya. Gharama zake humlemea mwenye mali, naye akichoka kungoja, huita lori.