Dawa Ikitusumbua Tuseme: Hotuba ya Mwenyekiti Katika Sherehe ya Miaka 10 ya Kikundi Chetu, Matogoro, Songea

 

Kwa niaba ya wanachama tunakushukuru, Mgeni Rasmi, kwa kukubali kupanda huku mlimani kwetu kuja kusherehekea nasi. Habari za hisa, mikopo na marejesho mmekwisha kuzisikia kutoka kwa Katibu na Mhazini, na zimeandikwa katika kijitabu hiki. Hatutazirudia. Katika hotuba hii tumekubaliana tuseme jambo moja tu. Halimo katika vitabu vya hisa, lakini limegusa sana mfuko wetu wa jamii na limetukosesha usingizi. Nalo ni hili: tufanye nini pale dawa tuliyopewa ili tupone inapoanza yenyewe kutusumbua mwilini?

Ndugu Mgeni Rasmi, tutaanza na mwenzetu mmoja. Yupo hapa hapa, na ametupa ruhusa tuseme habari zake bila kumtaja jina. Mama huyu anauza mboga sokoni. Aliugua kichwa ambacho sisi hatukuwa tumewahi kukiona. Kilimshika upande mmoja tu, nyuma ya jicho, kama mtu anayechomwa msumari wa moto. Jicho la upande ule lilikuwa jekundu na kutoa machozi, kope ikashuka, pua nayo ikatiririka upande ule ule. Kilikuja usiku, karibu saa ile ile, kinakaa saa nzima au zaidi, kisha kinaondoka kama hakikuwepo. Wengine tunaposhikwa na kipandauso tunataka kulala gizani bila kelele. Yeye hakuweza hata kukaa. Alizunguka uani usiku wa manane katika baridi ya Juni, akijigonga kichwa kwa ngumi.

Alizunguka sana kutafuta tiba. Pengine aliambiwa ni malaria, pengine macho, pengine jino, na jino lenyewe likang'olewa. Majirani nao wakasema yao, wengine wakataja kurogwa. Mwishowe daktari mmoja alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia ugonjwa huo unajulikana, na madaktari wanauita klasta. Sisi tunauita kichwa cha msimu, kwa sababu huja kwa vipindi vya wiki au miezi, kisha hupumzika miezi mingi, hata miaka, halafu hurudi. Shambulio moja huweza kukaa kuanzia dakika 15 mpaka saa 3, na kwa siku yanaweza kuja hata mara 8. Huwapata zaidi wanaume kuliko wanawake, na pengine ndiyo maana kwa mama kama yeye unachelewa kutambulika. Daktari akamweleza pia kwamba si uchawi, na tena ajiepushe na pombe katika msimu wa maumivu, maana hata kikombe cha ulanzi chaweza kuliamsha shambulio.

Alipewa verapamili ya kuzuia mashambulio. Hii hasa ni dawa ya moyo na presha, lakini inatumika pia kwa kichwa hiki. Pamoja nayo alipewa prednisoloni kwa muda mfupi, ili itulize maumivu wakati ile nyingine inaanza kufanya kazi. Shambulio likimkuta karibu na hospitali, huvutishwa hewa ya oksijeni safi kwa barakoa, kwa kasi kubwa, kama dakika 15. Wengi hupata nafuu kwa njia hiyo. Panadol aliyokuwa akimeza kila usiku haikumsaidia, kwa sababu shambulio hufika kileleni kabla dawa ya kumeza haijafika kwenye damu.

Basi, wiki ya pili mashambulio yakaanza kupungua. Tukashangilia. Kumbe ndipo taabu nyingine ilipoanza.

Choo kiligoma. Miguu ikavimba jioni hata kandambili zikambana. Akiinuka ghafla kutoka kwenye kigoda cha sokoni, anaona giza. Ile prednisoloni nayo ikamletea njaa ya ajabu, tumbo kuwaka, na macho makavu usiku kucha bila usingizi. Watu si wanaongea, jamani! Mmoja akasema ana mimba, mwingine akasema ana ugonjwa anaouficha. Mama wa watu akatuambia kwenye kikao: "Bora nirudi kwenye kichwa changu, nilikizoea. Kesho dawa zote natupa chooni."

Ndugu zetu, tunaomba hapa tusimame kidogo, kwa sababu mahali hapa ndipo wengi wanapopotelea. Mgonjwa hapendi kuonekana mlalamishi. Akirudi hospitali anaogopa kuambiwa hana shukrani. Kwa hiyo anaacha dawa kimya kimya, na akiulizwa anasema "naendelea vizuri". Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na anayeficha madhara ya dawa ni yule yule.

Wenye umri wetu tunalijua jambo hili tangu enzi za klorokwini. Nani hapa hakumbuki kujikuna? Mtu alimeza vidonge vya malaria, homa ikashuka, lakini mwili mzima ukawasha mpaka alfajiri. Mwasho ule haukuwa uvivu wala deko. Ulikuwa madhara ya kweli ya dawa, na yalijulikana sana kwa sisi Waafrika. Lakini wako walioacha dozi katikati kwa ajili ya kujikuna, malaria ikawarudia. Mwaka 2001 Serikali ilibadilisha dawa ikaleta SP, na hapo tena hofu ikaenea kwamba SP inababua ngozi. Ni kweli kwamba kwa watu wachache sana dawa za jamii ya salfa huleta vipele vikali na vidonda vya mdomoni, na huyo lazima aache na kukimbilia hospitali upesi. Lakini hofu iliwashika hata wasiohusika. Mwaka 2006 ikaanza dawa mseto. Somo tulilolipata ni kwamba yapo madhara ya kuvumilia huku ukiyatafutia njia, na yapo madhara ya kukimbia nayo hospitali usiku huo huo. Anayeweza kututenganishia ni mtaalamu, na hawezi kututenganishia kama hatujasema.

Kwa mwenzetu tulifanya hivi. Kamati ya wagonjwa ilimwendea nyumbani jioni ile ile kabla hajatupa kitu. Tukachukua daftari la kawaida, la watoto wa shule, tukapiga mistari kama kitabu chetu cha hisa. Safu ya kwanza tarehe, ya pili saa aliyomeza dawa na kiasi, ya tatu kichwa kilikuja mara ngapi, ya nne kilichomsumbua. Sisi akina mama wa hisa daftari si tunalijua! Hatuwezi kukubali shilingi ipotee bila kuandikwa. Kwa nini afya yetu ipotee bila kuandikwa?

Baada ya siku chache mfuko wa jamii ukamlipia nauli, akarudi kwa daktari na daftari lake, mmoja wetu akamsindikiza. Daktari alilisoma lote. Akamfanyia kipimo cha umeme wa moyo, kile cha kubandikwa nyaya kifuani. Verapamili huweza kupunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo kipimo hiki hutakiwa kabla ya kuanza na kila dozi inapoongezwa. Akapima presha na sukari, kwa kuwa prednisoloni hupandisha sukari. Akapanga upya dozi, na prednisoloni akaielekeza imezwe asubuhi baada ya kula, ili usiku apate usingizi, na ipunguzwe hatua kwa hatua mpaka iishe. Akasisitiza kwamba mtu aliyeitumia kwa wiki kadhaa asiiache ghafla. Mwili huwa umezoea kupewa, wenyewe umelegea kutengeneza ya kwake, na kuikata kwa siku moja kunaweza kumwangusha mtu vibaya.

Mengine tuliyasaidia nyumbani. Kwa ajili ya choo, maji ya kutosha, matembele, mchicha, maharage, papai, na ugali wa dona badala ya sembe. Kwa ajili ya kizunguzungu, kuinuka taratibu, kwanza akae kitandani kidogo ndipo asimame. Kwa ajili ya miguu, kuiinua juu ya mto jioni. Mfamasia alituonya pia juu ya balungi, kwa kuwa maji yake huifanya verapamili izidi nguvu mwilini. Huo ni ushauri ambao sisi tusingeuota.

Na liko jambo moja lililotutisha. Mama mmoja, kwa huruma tu, alimletea vidonge vya presha vya mumewe, maana alisikia kwamba dawa ya mwenzetu nayo ni ya presha. Mungu mkubwa, aliuliza kabla ya kumeza. Vilikuwa atenololi. Tukaambiwa kwamba atenololi na verapamili zikikutana zinaweza kuyashusha mapigo ya moyo mpaka mtu azimie, hata afe. Akina mama, sisi tunaazimana chumvi, tunaazimana jembe, tunaazimana hata kanga ya msibani. Dawa hatuazimani!

Leo mwenzetu yupo sokoni. Msimu wa kichwa ulipita, daktari akampunguzia dawa, na marejesho ya mkopo, ambayo kikao kilimsogezea mbele, ameyamaliza. Hatusemi amepona moja kwa moja. Kichwa hiki kinaweza kurudi. Lakini kikirudi kitamkuta na daftari.

Ndugu Mgeni Rasmi, kutokana na hayo mkutano wetu mkuu umekubaliana mambo haya, na tunawaomba ndugu na marafiki muyashike nanyi majumbani:

Kwanza, tukipewa dawa tuulize maswali matatu kabla ya kuondoka dirishani: Hii ni ya nini? Inaweza kunisumbua vipi? Ni dalili gani ikitokea nirudi haraka? Na tutaje dawa zote tunazotumia, za hospitali, za duka na za mitishamba.

Pili, dawa ikitusumbua tuandike, kisha turudi tukaseme. Tusiache wala kuongeza wenyewe.

Tatu, dalili nyingine hazisubiri daftari. Kuzimia, moyo kwenda polepole mno, maumivu ya kifua, pumzi kubana, midomo au uso kuvimba ghafla, vipele vyenye malengelenge, choo cheusi kama lami: hapo ni hospitali mara moja, hata kama ni usiku.

Nne, dawa za maumivu tusizifanye peremende. Anayemeza dawa ya kawaida ya kichwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, anaweza kupata kichwa kinacholetwa na dawa yenyewe. Diklofenaki nayo, tukizidisha, hutoboa tumbo na kuumiza figo. Na prednisoloni si dawa ya kunenepesha! Wako wasichana wanaoitafuta madukani ili wajaze mashavu. Hayo mashavu ni madhara, si afya.

Tano, mfuko wa jamii utalipa nauli ya mwanachama anayerudi hospitali kwa sababu ya madhara ya dawa, sawasawa na anayekwenda kwa ugonjwa. Zamani tulilipia ugonjwa tu. Sasa yote mawili.

Kwa upande wa wataalamu wetu wa afya, tunalo ombi moja la heshima. Tunajua foleni ni ndefu na ninyi ni wachache. Lakini maneno mawili ya Kiswahili juu ya bahasha ya dawa, "yaweza kufunga choo", "usiache ghafla", yanamwokoa mtu. Tunajua pia kwamba nchi yetu imo katika mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia madhara ya dawa tangu mwaka 1993, na kwamba taarifa hupokelewa na TMDA, iliyochukua nafasi ya TFDA mwaka 2019. Mgonjwa akileta malalamiko yake, tunaomba yajazwe kwenye fomu yafike huko. Lalamiko la mama mmoja wa Matogoro likijumlishwa na la mama wa Mbinga na wa Tunduru, taifa linajifunza kitu.

Na kwenu akina baba: mke akivimba miguu au uso kwa dawa, msiwe wa kwanza kumcheka wala kumdhania. Msindikizeni. Nanyi mkiumwa kichwa, msikae na Panadol mfukoni mkisema ni uchovu.

Mto Ruvuma unaanza hapa Matogoro kama kijito ambacho mtoto anakiruka. Kikundi chetu nacho kilianza hivyo hivyo, na sanduku la kufuli tatu na akina mama wachache waliokuwa wanaogopa kusema mbele za watu. Kwa miaka 10 tumejifunza kusema habari za fedha bila aibu. Katika miaka inayokuja tujifunze kusema hivyo hivyo habari za miili yetu.

 Karibuni chakula kilichoandaliwa. Mungu awabariki, Mungu ibariki Matogoro, Mungu ibariki Tanzania.