Tope, Majivu na Kioo cha Mbele



Injili ya Dominika hii ya Nne ya Kwaresima, Mwaka A, ni ile ya mtu aliyezaliwa kipofu, tunayoisoma katika sura ya 9 ya Yohane. Mnaifahamu vema, na makatekista wetu wameifundisha mara nyingi kwa wakatekumeni wanaojiandaa kwa Pasaka. Leo napenda tutazame jambo dogo ambalo sisi wahubiri hulipita mbio, nalo ni vifaa vya kazi. Bwana alitema mate chini, akafanya tope, akampaka yule mtu machoni, kisha akamwagiza aende kunawa katika bwawa la Siloamu. Mate na udongo! Vitu visivyouzwa dukani, ambavyo mtu mwenye hadhi yake asingekubali kupakwa mbele za watu. Na wale waliokuja kumhoji baadaye walishughulika zaidi na tope kuliko na macho: nani amelifanya, na kwa nini siku ya Sabato. Mtu amepata kuona kwa mara ya kwanza maishani mwake, nao wanauliza habari za matope.

Basi, ndugu zangu, yupo kipofu wa namna nyingine, ambaye hakuzaliwa hivyo. Ni dereva anayeshika usukani nyuma ya kioo kichafu. Mwezi huu wa Machi barabara zetu za vumbi zinangoja masika, na vioo vya mbele vya magari mengi vimekuwa kama ukuta wa tope kavu, na pale waipa zinapofikia pamebaki umbo la nusu mwezi. Humo ndani wamekaa abiria kumi na wanne, au sitini, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza dereva kama anaona.

Hesabu yake si ngumu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita karibu mita 22 katika kila sekunde. Jua la jioni likikipiga kioo chenye vumbi na mafuta, kioo chote hugeuka kuwa nuru tupu, wala mbele hakuonekani kitu. Dereva aliyepofushwa kwa sekunde 3 tu amekwisha kwenda mita 66 pasipo kuona. Katika mita hizo 66 anaweza kuwemo mtoto atokaye shule, au mama mwenye mzigo wa kuni kichwani, ambaye kwa kuwa analiona gari anadhani na gari linamwona yeye.

Tena uchafu ulio mbaya zaidi hauko nje. Wengi hufuta upande wa nje wakadhani wamemaliza, kumbe upande wa ndani umefunikwa na utando mwembamba wa mafuta, utokanao na moshi, na pumzi za abiria, na mvuke wa plastiki ya dashibodi inapochomwa na jua. Mchana utando huo hauonekani kabisa. Usiku, taa za gari linalokuja hutawanyika juu yake, na dereva huona wingu la mwanga mahali palipo na barabara.

Udhuru tunaousikia ni kwamba dawa ya kusafishia vioo ni ghali, au haifiki huku kwetu. Udhuru huo hauna nguvu, maana dawa imo jikoni.

Tuanze na gazeti. Gazeti la zamani, lililokwisha kusomwa na kusahauliwa, hufuta kioo vizuri kuliko vitambaa vingi, kwa sababu karatasi yake haiachi nyuzinyuzi kama pamba. Likunjwe, lilowanishwe kidogo, lisugue kioo, kisha gazeti jingine kavu lifuate mpaka kioo kilie chini ya mkono. Wino utawachafua vidole, nao utaondoka kwa sabuni. Msitumie kurasa nzito zing'aazo za majarida, maana hizo hazinyonyi maji. Kwa utando wa ndani niliousema, maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, yakifuatwa na gazeti kavu, yatosha. Kusanyeni magazeti basi, maana siku hizi watu wengi husoma habari katika simu, na simu haifuti kioo.

Siki nayo ni rafiki wa kioo. Siki ya mezani huwa na asidi kiasi cha asilimia 5 hivi, na asidi hiyo huyeyusha madoa meupe ya chokaa yaachwayo na maji ya visima vyetu vya chumvi. Changanyeni siki na maji nusu kwa nusu, mpake, msugue, kisha msuuze. Asiye na siki atumie maji ya ndimu. Lakini hapa nawaonya kama mzazi: msichanganye kamwe siki au ndimu na ile dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini yenye sumu, ile ile iliyotumika kuua askari huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Wala hakuna faida ya kuchanganya siki na magadi, kama wengine wafanyavyo kwa kupenda povu. Kimoja hubatilisha kingine, na povu likiisha mmebaki na maji ya chumvi.

Yako pia majivu. Bibi zetu walisugulia sufuria kwa majivu, nao hawakuwa wajinga. Majivu ya kuni yana chumvi ambayo, ikikutana na mafuta, huyageuza kuwa namna ya sabuni. Ndiyo maana grisi na mabaki ya wadudu waliokaukia kioo hulegea. Hata hivyo majivu yana hila. Ndani yake mara nyingi mna chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko kioo. Ajabu ni kwamba kioo chenyewe kimetokana na mchanga ulioyeyushwa motoni, na sasa mchanga ndio unaomkwaruza mwanawe. Kwa hiyo chekecheni majivu kwa kitambaa chembamba, myalowanishe, myapake kwa kitambaa laini chenye maji, mkono uwe mwepesi, na mwishowe mmwage maji mengi. Mwenye kusugua majivu makavu atajitengenezea mikwaruzo elfu, na kila mkwaruzo utashika mwanga wa taa usiku.

Msishangae kwamba nasema habari za jikoni. Hata wenye magari ya kwanza huko Ulaya na Marekani, kabla ya kuwapo waipa, yasimuliwa walipaka vioo vyao kitunguu au karoti iliyokatwa ili mvua isiwazibie njia. Mwaka 1903 mama mmoja wa Alabama, Mary Anderson, alipata hati ya uvumbuzi wa kifutio cha kioo chenye kuendeshwa kwa mkono kutoka ndani. Alikuwa amemwona dereva wa tramu mjini New York akitaabika kuona wakati wa theluji. Abiria wengine nao walimwona dereva yule yule. Bila shaka walivuta makoti yao wakanung'unika juu ya baridi.

Nilisafiri zamani na dereva mzee wa lori, Mkristo wa kawaida, asiye na maneno mengi. Chini ya kiti chake alikuwa na kopo la majivu yaliyochekechwa, chupa ya maji na furushi la magazeti. Ilipokaribia saa kumi na moja jioni alisimamisha lori kando ya barabara, akashuka, akafuta kioo nje na ndani pasipo haraka. Utingo wake alilalamika kwamba tunachelewa. Mzee akamjibu, "Mwanangu, jua linataka kushuka. Huko mbele kuna kijiji, na watoto wa watu hawana kioo cha kujikinga nasi." Akaendelea kufuta. Katika mafundisho yote niliyoyapata juu ya Amri ya Tano, na seminarini tuliyapata mengi, sijasikia maelezo yaliyo mafupi na kamili kuliko hayo.

Na niseme neno ambalo huenda litawaudhi baadhi yenu. Magari mengi ya waamini wetu yamebandikwa maandishi makubwa juu ya kioo cha mbele, ya kwamba Mungu ndiye mlinzi wa chombo hiki; na chini yake imening'inizwa rozari, na pembeni picha ya mtakatifu, na maua ya plastiki. Imani hiyo ni njema. Lakini kibandiko kinachomficha mtu anayevuka barabara hakimheshimu Mungu aliyemwumba mtu huyo. Ondoeni. Rozari mahali pake ni mkononi au mfukoni, na Mtakatifu Kristofa atawalinda hata akiwa amebandikwa mlangoni.

Makatekista wanaozunguka vigangoni kwa pikipiki, ninyi nawapa onyo jingine. Kile kinga-uso cha kofia yenu ngumu si kioo. Ni plastiki, nayo ni laini. Msikiguse kwa majivu, wala kwa gazeti, wala kwa dawa ya meno. Maji ya sabuni na kitambaa laini, basi. Na kwa wote: mafuta ya taa na dizeli haviondoi utando, bali huongeza mwingine. Kioo kilichochomwa na jua la mchana msikimwagie maji baridi ghafla, hasa kikiwa kimepigwa jiwe na kupata ufa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kioo cha gari, usipoziba ufa utanunua kioo kizima.

Wako, mwishowe, vijana wa kwenye taa za barabarani mijini, wenye chupa ya maji ya sabuni na kipande cha mpira. Gari likisimama wanakimbilia kioo, na wenye magari huwafukuza kwa mkono kama nzi, au huwasha waipa ili kuwarushia maji usoni. Sisemi kwamba kila mmoja lazima alipe kazi ambayo hakuiagiza, wala sisifu kijana anayekataa kuondoka akiambiwa hapana. Lakini yule mtu wa Injili naye alikuwa akiketi kandokando ya njia akiomba, na hata majirani zake walipoulizwa kama ndiye, hawakuafikiana. Kwa miaka yote hiyo walikuwa wamempita pasipo kumtazama usoni. Kijana huyo amesimama upande wa pili wa kioo. Mteremshieni dirisha, mmwulize jina lake.

Mapadri wenzangu, na ninyi wenye magari mliofika Misani leo: mvua za kwanza zinaweza kunyesha juma hili, na zikikikuta kioo chenye vumbi zitafanya tope ndani ya dakika moja. Magazeti ya mwaka jana yamerundikana katika ofisi za parokia. Yachukueni.

Tumsifu Yesu Kristo.