Kutoka "Amepata Sifuri" hadi "Ni Sifuri": Kujithamini kwa Mwanafunzi wa Sekondari

Mada kwa semina ya walimu wa malezi na ushauri nasaha



Februari 2013, matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 nchini Tanzania yalipotangazwa, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na daraja sifuri. Wengi wenu mnakumbuka wiki zile. Mimi nakumbuka zaidi lugha ya mtaani. Siku za mwanzo watu walisema, "Mtoto wa fulani amepata sifuri." Haukupita mwezi nikasikia, "Yule ni sifuri." Kitenzi kilikuwa kimedondoka njiani, na pamoja nacho mtihani, siku ya mtihani, upungufu wa walimu na vitabu. Akabaki mtoto peke yake na namba yake.

Mwezi Mei mwaka uleule matokeo yalitolewa upya baada ya alama kupangwa kwa utaratibu mwingine. Majibu ya watoto hayakuguswa, lakini baadhi ya waliokuwa sifuri wakawa wamefaulu. Nauliza: katika miezi ile mitatu, nani alikuwa amewaambia kwamba namba inaweza kubadilika wakati wao ni walewale? Hilo ndilo ninaloliita kujithamini: kujua kwamba mimi nipo kabla ya alama, na nitakuwepo baada yake. Kujiamini ni jambo jingine. Mtoto anaweza kujiamini sana uwanjani na bado, akibaki peke yake, ajione hafai kitu.

Niseme la kwangu. Shule ya msingi nilikuwa wa kwanza karibu kila muhula. Nilipoingia kidato cha kwanza, masomo yote isipokuwa Kiswahili yakawa kwa Kiingereza. Wiki ya pili mwalimu aliniuliza swali la biolojia. Jibu nilikuwa nalo, tena kamili, lakini lilikuwa kwa Kiswahili. Nilisimama kimya. Mwalimu akasema neno lililochekesha darasa zima, nikakaa. Sikunyoosha kidole tena kwa karibu miaka miwili, na kilichoniuma ni kwamba nilianza kukubaliana naye. Kila mwaka watoto wetu wanavuka mto huohuo, na kila mwaka tunawaita vilaza walioloa.

Aliyenitoa pale hakuwahi kuniambia kwamba nina akili. Alikuwa mwalimu wa hisabati. Aliniita ubaoni, nikafanya hesabu, nikakosea. Akaweka chaki kwenye mstari wa tatu, akasema: "Hapa ndipo ulipoteleza. Mistari miwili ya juu ni sahihi. Anzia hapa." Basi. Nilirudi kwenye dawati nikiwa na mistari miwili sahihi mkononi, mali yangu, niliyoipata mbele ya watu walewale walionicheka.

Nimeisimulia habari hii kwa sababu fikra chanya zimegeuka wimbo wa mstarini. Tunawasimamisha watoto asubuhi, tunawaambia waseme kwa sauti kwamba wao ni bora, ni washindi, wanaweza. Mwaka 2009 Joanne Wood, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, pamoja na wenzake walichapisha utafiti unaotupasa kusimama kidogo. Watu waliokuwa wakijidharau, walipotakiwa kurudiarudia maneno ya kujisifu, walijisikia vibaya zaidi. Waliokuwa wakijithamini tayari ndio walionufaika, tena kidogo. Mimi hili halinishangazi. Mtoto anayeamini kwamba hafai, ukimlazimisha aseme "mimi ni bora", moyo wake unajibu papo hapo, na unajibu kwa ushahidi: alama 12 za Ijumaa, kicheko cha darasani, jina lake chini kabisa ya orodha.

Ushahidi hujibiwa kwa ushahidi. Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake hujengwa kwa nguvu zaidi na kile alichokwisha kukifanya mwenyewe. Maneno ya kutia moyo yapo kwenye hesabu yake, ila ni dhaifu kuliko tendo. Kwa hiyo kazi yetu ni kumpatia mtoto tendo dogo analoliweza kweli, kisha kulitaja kwa jina lake. "Vizuri sana" halitaji chochote. "Leo umeuliza swali kwa Kiingereza bila kusoma daftarini" linataja.

Kuhusu kujikubali nitasema kwa kifupi, maana wapo wazazi wanaohofia kwamba tunafundisha uzembe. Mtoto anayesema "Kiingereza changu bado ni kibovu" bila kuinamisha uso amejikubali, na huyo ndiye anayeweza kufundishika. Anayeona aibu huficha daftari.

Sasa orodha. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Nililifurahia jambo hilo kwa dhati. Lakini shuleni kwetu matokeo ya muhula bado yanabandikwa kwenye ubao wa matangazo, kuanzia wa kwanza hadi wa 140, jina kwa jina. Huyo wa 140 anapita pale akienda darasani, anapita akienda chooni, anapita akirudi nyumbani. Hakuna ushauri nasaha ninaoujua wa kushindana na karatasi hiyo ikiwa inaachwa ukutani muhula mzima. Kila mtoto apewe matokeo yake mkononi, tukae naye hata dakika tano. Najua madarasa ni makubwa. Basi tuanze na kumi wa mwisho, maana kumi wa kwanza wanapigiwa makofi tayari.

Kabla ya chai naomba tufanye zoezi moja. Kila mmoja achukue karatasi na amfikirie mwanafunzi wa chini kabisa katika darasa lake. Asiandike jina. Aandike jambo moja la kweli ambalo mtoto huyo amelifanya sawasawa mwezi huu, kwa sentensi ambayo anaweza kumwambia Jumatatu. Anayeona hana la kuandika aiache karatasi tupu, na Jumatatu aende kwanza akakae kwenye dawati la nyuma, karibu na mtoto huyo, amwangalie akifanya kazi.