DARAJA LA KILA SIKU

Maneno waliyoambiwa waalimu na Wakristo wote waliokusanyika kwa ajili ya Jubilii



Nimeombwa niseme nanyi habari ya maisha ya sala, maisha ya siku kwa siku, yale yasiyoonekana na watu. Katika Jubilii twapenda kutazama mambo yaonekanayo: mawe, mnara, makaburi, na majina ya wazee wetu. Ni vema, wala sitaki kuwazuia. Lakini mimi nitaanza nje ya ua wa Kanisa, pale Darajani, ambapo wengi wenu mmepita asubuhi ya leo.

Kila mtu wa Unguja apajua Darajani. Mtu akitaka samaki, nyama, ndizi au mchele, huenda huko. Jengo la soko limesimama pale tangu mwaka 1904. Mgeni alisikiapo jina hili huuliza, "Daraja lenyewe liko wapi?" Nasi hucheka, maana daraja halipo. Wazee wetu walikuta hori ya bahari ikiingia mpaka nyuma ya mji. Maji yalipojaa, mji ulikuwa karibu kuwa kisiwa, na watu wa Ng'ambo walivuka kwa daraja. Baadaye hori ile ilifukiwa kidogo kidogo, kwa miaka mingi, hata ikawa nchi kavu, na leo ni barabara na viwanja. Daraja limekwenda zake, jina limebaki.

Nimelifikiri sana jambo hili. Jina laweza kubaki hata kitu chenyewe kikiisha kuondoka. Mimi naitwa Mkristo, nawe waitwa Mkristo. Majina yetu yameandikwa katika kitabu cha ubatizo. Lakini je, chini ya jina hilo ipo njia ya kuvuka, tumwendee Mungu kila siku? Au imebaki sauti tu, watu wakituita, nasi tukiitika? Swali hili naliuliza nafsi yangu kwanza, kisha nawauliza ninyi.

Sasa tuingie katika ua wa Mkunazini. Hapa palikuwa na soko la kuuza watu. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga, na siku ya Noeli ya mwaka ule ule jiwe la msingi wa Kanisa likawekwa mahali pale pale. Edward Steere, aliyefanywa Askofu mwaka uliofuata, alisimamia kazi yake, hata watu wakasali ndani. Wazee wetu walitufundisha ya kuwa altare imesimama mahali ulipokuwapo mti wa kufungia watumwa wapigwe. Alama ya marumaru iliyo sakafuni yatukumbusha habari hiyo hata leo.

Walakini, ndugu zangu, angalieni neno moja ambalo mara nyingi twalisahau. Soko lilifungwa mwaka 1873, bali utumwa wenyewe haukuondolewa kwa sheria katika Unguja na Pemba hata mwaka 1897. Miaka ishirini na minne! Soko limefungwa, Kanisa limejengwa, kengele yalia, na bado katika nyumba na mashamba wako watu wasio huru.

Basi ndivyo ilivyo katika roho zetu. Siku ya ubatizo soko lilifungwa. Tulimkana Shetani mbele ya watu, na Kristo akaweka jiwe lake la msingi ndani yetu. Lakini nyuma, katika vyumba vya ndani, hasira ingali na watumwa wake, na wivu, na ulevi, na ulimi usengenyao. Mtu hushangaa, husema, "Mimi nimebatizwa zamani, mbona naona mambo haya?" Usishangae, wala usikate tamaa. Lililoanzishwa siku moja lataka kutimizwa kila siku. Sala ya kila siku ndiyo njia ambayo Bwana hupita akiingia chumba kwa chumba, akiwafungua waliofungwa.

Labda mwalimu mmoja atasema, "Mimi niko shamba, peke yangu, Padre huja mara chache, nitawezaje?" Nitamjibu kwa habari ya Cecil Majaliwa. Yeye alitolewa katika utumwa alipokuwa mtoto, akalelewa na kufundishwa katika Misheni hapa Unguja. Mwaka 1886 alifanywa shemasi, akapelekwa Chitangali, mbali, upande wa Ruvuma. Mwaka 1890 akapewa Daraja ya Upadre, wa kwanza katika Waafrika wa Misheni yetu. Sasa hesabuni. Tangu 1886 hata 1890 alikuwa shemasi tu, na shemasi hana ruhusa ya kuadhimisha Misa. Aliweza kufundisha, kubatiza, na kuongoza sala za asubuhi na jioni; lakini Mwili na Damu ya Bwana hakuweza kuvipata ila kwa mkono wa padre. Mtu wa namna hiyo aliishi kwa nini katikati ya Komunyo moja na nyingine? Aliishi kwa zaburi zake na sala zake, alizozoezwa tangu ujana. Hicho ndicho chakula cha njiani. Asiyekuwa nacho huzimia kabla ya kufika mezani.

Bwana wetu mwenyewe alifanya vivyo. Mtakatifu Marko atuambia ya kwamba, baada ya jioni moja ya kazi nyingi na wagonjwa wengi mlangoni, alfajiri mapema sana aliondoka akaenda mahali pasipo watu, akaomba. Wanafunzi walipomwona walimwambia ya kuwa watu wote wanamtafuta. Watu wote wanamtafuta, naye yuko kwa Baba yake! Ikiwa Mwana wa Mungu alihitaji saa ile, je, sisi tutasema hatuna haja nayo?

Sasa niseme kwa wazi, maana waalimu hupenda kujua jambo latendwaje.

Kwanza, asubuhi. Kabla hujasema na mtu, sema na Mungu. Siku hizi mkono wetu wa kwanza huenda kwenye simu, na roho hujazwa habari za watu wote kabla haijapata habari ya Muumba wake. Jirani zetu Waislamu huamka kwa sauti ya mwadhini kukiwa bado giza. Twawasikia wakitembea njiani kwenda msikitini. Nisemayo si mashindano. Nasema ya kwamba yatupasa kuona haya, haya iliyo njema, kama mwadhini amekwisha tuamsha na sisi tumejigeuza kitandani. Fanya ishara ya Msalaba, piga magoti, sema Baba Yetu polepole, mtoe Mungu siku yako pamoja na kazi yake na taabu yake. Soma maneno machache ya Injili, uchukue moja uende nalo. Robo ya saa yatosha kwa kuanza, bali iwe kila siku.

Pili, kazini. Nilimjua mama mmoja, sasa ni marehemu, aliyeuza ndizi sokoni. Hakujua kusoma. Nilimwuliza, "Mama, katika makelele haya wawezaje kumkumbuka Mungu?" Akanijibu, "Mwanangu, kila mteja akiondoka nasema neno moja moyoni: Yesu, mbariki huyu. Aliyenunua na asiyenunua." Nikanyamaza, maana siku ile nilikuwa nimetoka kufundisha saa nzima habari ya sala, na katika saa ile sikuwa nimeomba hata mara moja. Yule mama alikuwa amelitii agizo la Mtakatifu Paulo la kuomba pasipo kukoma, nami nilikuwa nimelifafanua tu. Mvuvi aivutapo kamba, mwalimu afutapo ubao, mama apepetapo mchele, kila mmoja aweza kuwa na neno lake fupi la kumwambia Bwana.

Tatu, jioni. Kabla ya kulala, ipitie siku yako mbele za Mungu, kama mwenye duka afungapo hesabu. Mshukuru kwa jambo moja, ulitaje kwa jina. Litaje na kosa lako, usilifunike. Ukiwa umemkosea mtu wa nyumbani mwako, mwombe radhi usiku ule ule. Na wazazi, salini pamoja na watoto wenu. Mtoto hushika yale aonayo kwa baba yake kuliko yale asikiayo kwa mwalimu.

Nne, Jumapili. Usije kwenye Meza ya Bwana kama mtu apitaye tu njiani. Jiandae Jumamosi, ukihitaji kuungama, nenda. Huko ndiko muungano wetu na Kristo hutiwa nguvu. Yeye alijifananisha na mzabibu, na sisi na matawi. Tawi halijibandiki lenyewe kwenye mti, wala haliishi kwa kukumbuka ya kuwa zamani lilikuwa na utomvu.

Mtu atasema, "Nimejaribu, lakini sala zangu ni kavu. Mawazo hukimbia." Ndugu, hata mimi nimepita huko, miezi mingi nilisali kama mtu atafunaye pumba. Mtu wa namna hiyo na aende nyuma ya Kanisa Kuu, karibu na kisima cha ubatizo, azitazame nguzo zile. Husimuliwa ya kwamba mafundi walizisimamisha siku ambayo Askofu Steere hakuwapo, wakaziweka kichwa chini. Askofu aliporudi, aliziacha. Nazo zingali zimesimama, na watoto wetu wamebatizwa kando yake miaka hii yote. Sala yako labda imesimama kichwa chini. Usiivunje. Iache isimame mbele za Mungu, naye ataitumia.

Lakini liko na jaribu la upande wa pili, la mtu aipendaye sala na kuwasahau watu. Askofu Frank Weston, aliyekuwa Askofu wa Zanzibar tangu 1908 hata alipokufa mwaka 1924, aliwaambia Wakristo waliokusanyika London mwaka 1923 ya kwamba hawawezi kudai kumwabudu Yesu katika Sakramenti ikiwa hawamhurumii katika maskini wa mitaa yao. Naye hakunena kwa midomo tu. Wakati wa Vita Kuu aliwaongoza wapagazi wa Unguja huko bara, akatembea pamoja nao. Basi pima sala yako kwa jambo hili: yule kijana asukumaye mkokoteni Darajani, yule mjane wa mtaani kwako, mtumishi wa nyumbani mwako, je, maisha yao yamekuwa mepesi kidogo kwa sababu wewe wasali? Katika ua huu uliokuwa soko la watu, sala imwachayo mtumishi wa ndani bila mshahara wake ni machukizo.

Nawarudisha tena Darajani, kisha nimalize. Jina la daraja laweza kubaki bila daraja kwa sababu mbili. Ya kwanza, daraja limevunjika na maji yangalipo. Hapo watu wa pande mbili hutazamana tu, hawawezi kukutana. Ya pili, maji yenyewe yamefukiwa, na pande mbili zimekuwa nchi moja. Hapo daraja halihitajiwi tena. Daraja letu ni Kristo mwenyewe, na yeye havunjiki kamwe. Ila sisi twaweza kuacha kulipita, hata njia ikaota majani.

Walakini tumaini letu ni kubwa kuliko kuvuka na kurudi. Mungu ataka hori yenyewe ifukiwe, tukae ndani yake, naye ndani yetu, pasiwe na Mji wala Ng'ambo. Kazi hiyo ni ya neema yake, lakini ametuitia tuchukue vikapu. Hori ya Darajani haikufukiwa kwa siku moja, wala hapana aliyeweza kuonyesha kikapu kile kilichoigeuza kuwa nchi kavu. Sala ya leo ni kikapu kimoja. Ya kesho ni kingine. Kipo chepesi, kipo kizito, kipo ulichokimwaga nusu njiani. Chukua tu, umwage, urudi.

Na Jubilii hii, tulipokwisha kuimba na kula pamoja, kila mtu arudi nyumbani kwake na kusudi moja: kesho, kabla ya jua, nitapiga magoti.

Mungu Baba, aliyewatoa wazee wetu utumwani, atutoe na sisi. Mwana atuunge naye. Roho Mtakatifu atufundishe kuomba. Amina.