Mhandisi Mshauri na Umoja wa Mji Wake

Msikilizaji, una kiwanja, nondo umeshanunua. Je, nani atakuambia kama udongo wako utabeba ghorofa mbili?

Jibu ni mhandisi mshauri. Tanzania tuna Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Lakini kusajiliwa ni jambo moja, kumpata ni jingine. Wengi wanaojitegemea hufanya kazi kila mmoja kivyake: wa udongo yuko huku, wa nguzo na zege yuko kule, na wa umeme hawafahamu wote wawili.

Ndiyo maana hoja ya wahandisi hawa kuunda umoja katika mji wao ina uzito. Kwanza, mwananchi anapata pa kupiga hodi. Pili, mchoro wa mmoja unapitiwa na jicho la mwenzake kabla zege halijamwagwa. Tukumbuke Kariakoo, Novemba 16, 2024, ghorofa lilipoporomoka na watu wakapoteza maisha.

Tugeukie upande wa pili. Umoja unaweza kuwa kikundi cha kupanga bei, au kumfungia nje kijana aliyeanza kazi juzi. Na ukuta ukipasuka, awajibike nani: aliyechora au aliyekagua?

Naamini umoja ni bora kuliko upweke, mradi milango yake ibaki wazi. Swali linalobaki, msikilizaji, ni hili: nani atabeba mzigo wa kuuendesha, na nani atahakikisha haumsahau mwenye nyumba ya vyumba viwili?