Miwani na Akili za Watoto Wetu

Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Westlands, Nairobi



Wako watu wengi waaminio kwamba mtoto asiyeona mbali amejaliwa akili nyingi, na kwamba miwani ni alama ya msomi. Tumeona yafaa kulipima neno hilo.

Si uongo mtupu. Mwaka 1987 wataalamu wa Israeli walieleza habari za vijana zaidi ya 157,000 walioandikishwa jeshini: kadiri alama za akili na miaka ya masomo ilivyozidi, ndivyo wasioona mbali walivyozidi. Lakini mwaka 2018 wataalamu wa Uingereza walionyesha kwamba masomo ndiyo yaletayo kutoona mbali, wala si kinyume chake. Jicho la mtoto ainamiaye kitabu ndani ya nyumba siku zote laweza kurefuka kupita kiasi, na vitu vya mbali vikawa kama vimefunikwa na ukungu. Urithi wa wazazi nao una sehemu yake.

Hatari iliyo kwetu ni nyingine. Mtoto asiyeuona ubao hunakili makosa, hukaripiwa, huitwa mjinga, na mwisho huamini kuwa ndivyo alivyo. Wala hasemi, maana hajui kwamba wenzake waona zaidi yake.

Huko Trans Nzoia, walimu wa shule 50 walifundishwa kupima macho ya wanafunzi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018. Katika shule ambazo wazazi walikumbushwa kwa ujumbe wa simu, watoto 54 katika kila 100 walioonekana na kasoro walifikishwa hospitali. Pasipo ukumbusho huo, 22 tu.

Basi twaomba mambo matatu. Mtoto akunjaye macho au asogeleaye ubao apelekwe kupimwa. Hospitali ya Macho ya Lions SightFirst iko papa hapa Loresho. Kamati iwakumbushe wazazi, isiridhike kuwapa barua. Na watoto waachwe wacheze nje mchana, kwa kuwa mwanga wa mchana huyalinda macho yanayokua.

Miwani haimwongezei mtoto akili, bali humwezesha kuitumia ile aliyo nayo. Tusimhukumu mtoto yeyote kuwa mzito wa kuelewa kabla hajapimwa macho.