Telefone yenye kujibu na mutoto wetu mwenye Down

Mafundisho kwa wamama siku ya kupima watoto



Leo tutasema juu ya watoto wenye trisomia 21, wale ambao watu wanasema wana Down. Tutasema vilevile juu ya jambo jipya, ile programu ya telefone yenye kujibu maulizo. Wamama wengi wanauliza hivi: «Mama muuguzi, hii telefone inaweza kunisaidia kulea mutoto wangu?» Jibu ni hili: inaweza kukusaidia kumufundisha, lakini haiwezi kumupima. Anayeshika tofauti hii atapata faida. Anayeisahau anaweza kupoteza mutoto.

1. Down ni nini?

Mwili wa mutu umejengwa na vipande vidogo sana vinavyoitwa chembe. Ndani ya kila chembe kuna nyuzi ndogo, jina lao kromosomi. Sisi wengi tuna 46. Mutoto mwenye Down ana 47, kwa sababu ile ya namba 21 iko mara tatu pahali pa mara mbili. Munganga wa Uingereza, John Langdon Down, aliandika juu ya alama za watoto hawa katika mwaka 1866. Katika mwaka 1959 wanganga wa Ufaransa, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin, walionyesha ile kromosomi ya ziada.

Jambo hili linaanza mara tu mimba inaposhika, mbele mama hajajua ya kama ana mimba. Kwa hiyo halitoki kwa uchawi, wala kwa laana ya babu, wala kwa chakula, wala kwa ugomvi na bwana. Haliambukizi. Mama aliyepita miaka 35 ana nafasi kubwa zaidi ya kumuzaa mutoto wa namna hii, lakini wamama vijana wanawazaa vilevile. Duniani kote ni karibu mutoto mumoja katika watoto 1000, kwa kila kabila na kila inchi.

Alama zake ni hizi: mwili mulegevu, macho yaliyopanda kidogo pembeni, pua bapa, masikio madogo, ulimi unaopenda kutoka inje, mustari mumoja tu katikati ya kiganja, na nafasi kubwa kati ya kidole kikubwa cha muguu na kinachofuata. Alama moja peke yake haitoshi. Lete mutoto, tumutazame pamoja.

Hakuna dawa ya kuondoa kromosomi ya ziada. Anayekuuzia dawa hiyo, awe sokoni, awe ndani ya telefone, anakula feza yako bure. Lakini mutoto anaweza kutunzwa na kufundishwa. Katika inchi ambapo moyo na masikio vinapimwa mapema, watu wengi wenye Down leo wanafika miaka 60.

2. Ile programu yenye kujibu ni nini?

Ni mashine ya mazungumzo. Watu wengine wanaiita akili bandia. Ile iliyojulikana sana mbele ya zingine ni ChatGPT, ya kampuni OpenAI ya Marekani, iliyotoka katika Novemba 2022. Unaandika ulizo, inakujibu kama mutu.

Lakini si mutu. Mashine hiyo ilipitishwa katika maandiko mengi sana, ikajifunza neno gani linafuata neno gani. Ni kama mutoto aliyesikia hadisi za babu kila jioni mupaka anaweza kumalizia sentensi mbele babu hajaimaliza. Anasema vizuri, lakini hakuwako siku ile jambo lilipotokea. Ndivyo mashine inavyofanya. Mara nyingi inasema kweli. Mara zingine inatunga uongo kwa sauti ileile tamu, na wewe huwezi kutofautisha.

Tena, ilijifunza zaidi kwa Kiingereza na Kifaransa. Maandiko ya Kiswahili ni machache, na Kiswahili chetu cha Kongo ni kichache zaidi. Kama mwana wako au jirani anajua Kifaransa, umuombe aandike kwa Kifaransa, kisha akuelezee.

3. Inaweza kutusaidia kwa nini?

(a) Kueleza maneno magumu. Munganga ameandika neno usilolijua kwenye karatasi ya mutoto. Unaweza kuomba telefone: «Unielezee neno hili kama unamuelezea mama asiyesoma sana.» Kisha ulete maelezo yale kwetu, tuone kama ni sawa.

(b) Kutayarisha maulizo. Mbele ya munganga tunasahau mambo, haraka ni nyingi. Ukiwa nyumbani, sema: «Unipe maulizo matano ya kumuuliza munganga juu ya mutoto wa miezi mitatu mwenye Down.» Uyaandike kwenye karatasi, uje nayo siku ya kupima.

(c) Kugawanya kazi katika hatua ndogo. Hapa ndipo faida kubwa. Mutoto mwenye Down anajifunza vizuri kwa macho kuliko kwa masikio peke yake. Ukimwambia maneno mengi kwa mara moja, yanamuponyoka. Ukimuonyesha kitu kimoja kimoja, anashika.

Tazameni tofauti ya maulizo mawili. La kwanza: «Namna gani kufundisha mutoto mwenye Down?» Telefone itakupa orodha ndefu ya vitu ambavyo haviko nyumbani kwako. La pili: «Mutoto wangu ana miaka sita, ana Down. Anaelewa mambo mengi, lakini anasema maneno kumi tu. Tuna bidoni ya maji, beseni, sabuni na kitambaa. Unigawanyie kazi ya kunawa mikono katika hatua sita, kila hatua maneno machache.»

Ulizo la pili linaleta jibu la kufaa, kwa sababu umeeleza mutoto na nyumba. Utapata kitu kama hiki: kunja mikono ya shati, mwanga maji, paka sabuni, sugua, ondoa sabuni, panguza. Sasa chukua karatasi na kipande cha makala, uchore picha sita, uzibandike karibu na beseni. Hata kama kuchora kwako ni kubaya, mutoto ataelewa.

Wakati wa kufundisha, uanze na hatua ya mwisho. Wewe fanya zile tano, umuachie yeye kupanguza tu. Anamaliza kazi, unafurahi, anafurahi. Akishazoea, umuachie mbili za mwisho: kuondoa sabuni na kupanguza. Hivi anaonja ushindi kila siku. Wiki nyingi zitapita, usichoke. Namna hiihii inafaa kwa kuvaa nguo, kwa kuosha sahani na kwa kufagia.

(d) Kutunga hadisi fupi. Omba hadisi ya mistari mitano juu ya mbuzi, juu ya soko, juu ya shangazi, vitu mutoto anavyovijua. Useme pole pole, uonyeshe kwa mukono, umungojee ajibu. Mutoto mwenye Down anahitaji nafasi ndefu mbele ya kujibu. Hesabu kimoyomoyo mupaka kumi.

4. Haiwezi kufanya nini?

Hapa ndipo ninaomba masikio yenu yote mawili.

Moyo. Karibu nusu ya watoto wenye Down wanazaliwa na kasoro ya moyo. Tuseme mama mumoja anaona mutoto wake anatoka jasho wakati wa kunyonya, anaacha titi mbele hajashiba, anapumua mbiombio. Anauliza telefone. Telefone inajibu ya kama watoto wenye Down wananyonya pole pole, ni kawaida. Neno hilo ni la kweli kwa watoto wengi! Lakini kwa mutoto huyu linaweza kumuua, kwa sababu telefone haikusikia moyo wake. Munganga anauweka masikio kwenye kifua, anasikia. Kila mutoto mwenye Down sharti moyo wake usikilizwe tangu kuzaliwa, na pale ekografi ya moyo inapopatikana, afanyiwe.

Ukiona alama hizi, weka telefone chini, uje siku ileile, hata usiku:
– midomo au ulimi unageuka rangi ya buluu au ya majivu;
– anapumua mbiombio, mbavu zinaingia ndani;
– anatoka jasho na kuchoka akinyonya;
– anakataa titi kabisa;
– ana homa, na mwili umelegea kuliko siku zote.
Kama uzito hauongezeki kwenye karatasi ya kupima, usingoje mwezi mwingine, utuambie leo.

Kunyonya. Kinywa cha mutoto huyu ni kilegevu. Tutakuonyesha namna ya kumuinua kichwa, kumushikilia kidevu kwa kidole, na kukamua maziwa kwa mukono umupe kwa kikombe kidogo. Mambo haya yanafundishwa mukono kwa mukono. Telefone haina mukono.

Masikio. Wengi wao hawasikii vizuri, mara nyingi kwa sababu ya maji nyuma ya ngozi ya sikio. Simama nyuma ya mutoto, umuite kwa sauti ndogo. Kama hageuki, usimupige ya kama ni mukaidi. Umulete. Mutoto asiyesikia, hata ukimusomea hadisi mia za telefone, hatajua kusema.

Tezi ya shingo. Kwa watoto hawa inaweza kufanya kazi kidogo kuliko inavyopasa. Mutoto analala sana, anafunga choo, ngozi inakauka, hakui. Kipimo cha damu ndicho kinachotambua, na dawa yake iko.

Dawa. Usianze dawa, usiiache, usibadili kipimo chake kwa neno la telefone.

5. Sauti ya watoto wetu

Programu zingine zinasikia sauti, hauhitaji kuandika. Lakini ulimi wa mutu mwenye Down ni muzito, na mashine zilijifunza kwa sauti za watu wengine. Katika mwaka 2019 shirika la watu wenye Down la Canada lilianza kazi pamoja na kampuni Google. Watu wenye Down wenyewe walitoa sauti zao, ili mashine ijifunze kuwaelewa. Hilo ni jambo zuri. Linatuonyesha pia ya kama mashine haiwaelewi wasipokuwemo katika mafundisho yake. Kazi hiyo ilifanywa kwa Kiingereza. Kama kijana wako anasema na telefone kwa Kiswahili na haimuelewi, usimuache afikiri ya kama kosa ni lake. Masikio yaliyozoea sauti yake ni ya nyumbani: yako, ya ndugu zake, ya watu wa kanisa.

6. Kijana wetu na telefone

Kijana mwenye Down aliyejifunza kusoma anaweza kupenda mashine hii, juu ya haichoki wala haimucheki. Inaweza kumusaidia kuandika orodha ya soko, kufupisha barua, kukumbuka saa ya dawa. Lakini anaweza kuamini ya kama kuna rafiki ndani yake, na mashine inapenda kukubali kila neno. Kwa hiyo shikeni sheria nne:
– Mutu mukubwa akae karibu naye.
– Kila mara mumukumbushe: «Hii ni mashine, haina roho.»
– Musiweke jina lake lote, wala nyumba yenu, wala picha ya mwili wake.
– Saa ya telefone isikule saa ya kucheza, ya kazi na ya kanisa.

Na wewe mama, usiku ukilia juu ya maneno ya ukoo, telefone itakujibu maneno matamu. Asubuhi uje kwa mama mwenzako. Wamama wawili wenye watoto wa namna moja wakikaa pamoja, wanapeana nguvu ambayo hainunuliwi kwa mega. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tukumbuke

1. Down haitoki kwa uchawi, haina dawa ya kuiondoa, lakini mutoto anaweza kujifunza.
2. Telefone inaweza kusaidia kufundisha na kutayarisha maulizo.
3. Telefone haisikii moyo, haioni pumzi, haishiki kidevu.
4. Alama ya hatari: hospitali siku ileile.

Maulizo ya kujibu pamoja

– Mama Fulani anasema mutoto wake anatoka jasho akinyonya, na telefone imesema ni kawaida. Utamwambia nini?
– Taja hatua za kunawa mikono. Tunaanza kumuachia mutoto hatua gani?
– Mutoto hageuki ukimuita. Tutafanya nini mbele ya kusema ni mukaidi?
– Mambo gani hatuandiki ndani ya telefone?

Tarehe 21 ya mwezi wa tatu ni siku ya watu wenye Down duniani, na Umoja wa Mataifa unaishika tangu mwaka 2012. Walichagua mwezi wa tatu na tarehe 21 kwa sababu ya ile kromosomi 21 iliyo mara tatu. Siku ile musiwafiche watoto nyumbani. Muwavalishe nguo nzuri, muwalete. Mungu aliyewaweka mikononi mwenu awape nguvu ya kuwalea.

Sasa tupange mustari, tuanze kupima. Wale wadogo sana watangulie.